Mashindano ya Pikipiki Miezi ya Mvua na Baridi: Yaendelee au Yasubiri Kiangazi?

Mazungumzo kwa wahudumu wa bodaboda, vijana wapenda michezo na wenye mashamba

 

Mvua ya Eldoret haifuati kalenda ya Nairobi. Kule mvua ndefu zikikatika mwishoni mwa Mei, watu wanajua kiangazi kimefika, hata kama Julai yao ni ya mawingu. Huku mvua huanza Machi au Aprili, hupumzika kidogo Juni, kisha hurudi Julai na Agosti ikiwa pamoja na baridi. Mji uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na anayepanda kuelekea Burnt Forest anajua kwamba baridi huongezeka kwa kila kilomita. Usiku wa Julai kipimajoto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Kwa hiyo anayesema michezo ya pikipiki isubiri kiangazi anamaanisha isubiri hadi Novemba au Desemba, mahindi yakiwa yamevunwa. Hiyo ni zaidi ya nusu mwaka.

Mhudumu wa bodaboda hana nafasi ya kusubiri hivyo. Mama anayekwenda kliniki kutoka Kesses, mwanafunzi wa Moiben na mkulima wa Soy mwenye mtungi wa maziwa wanahitaji pikipiki Agosti kama wanavyoihitaji Januari. Tangu serikali ilipoondoa ushuru kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, kazi hii imekuwa riziki ya vijana wengi kuliko kazi nyingine yoyote ya barabarani. Jina lenyewe lilitoka kwenye baiskeli zilizovusha watu mpakani kule Busia na Malaba. Baiskeli ziliondoka, jina likabaki, na mafunzo hayakuja pamoja na pikipiki. Wengi walifundishwa na rafiki jioni moja, uwanjani, jua likiwaka. Tope walikutana nalo baadaye, abiria akiwa nyuma.

Hapo ndipo swali la mashindano ya msimu wa mvua linapopata uzito. Si swali la burudani tu. Kijana ambaye hajawahi kuteleza akiwa peke yake, polepole, mahali pasipo na lori, atateleza mara ya kwanza kwenye moramu ya kijijini akiwa na mtu na mzigo.

Lakini lazima ijulikane ni mashindano gani yanayozungumziwa. Motokrosi ni mbio: pikipiki nyingi huondoka pamoja, huruka vilima, na wa kwanza kufika ndiye mshindi. Majirani wa Uganda wana viwanja vinavyojulikana vya mchezo huo, Garuga karibu na Entebbe na Busiika upande wa Luweero, na Nairobi kuna uwanja wa Jamhuri. Motokrosi kwenye tope zito ni hatari kwa chipukizi, na hakuna haja ya kuisukuma hapa Julai. Kuna aina nyingine, ambayo kimataifa huitwa trial na ambayo hapa inaweza kuitwa mashindano ya ustadi. Ndani yake hakuna mbio. Mwendeshaji huingia peke yake kwenye kipande kifupi cha ardhi kilichowekewa mipaka kwa utepe: mawe, gogo, kijito, mteremko wenye utelezi. Kazi yake ni kupita bila kugusa chini kwa mguu. Akigusa mara moja hupata pointi 1 ya adhabu, mara mbili pointi 2, mara tatu au zaidi pointi 3. Akianguka, akitoka nje ya utepe au akishindwa kabisa kuendelea, pointi 5. Mwenye pointi chache mwisho wa siku ndiye mshindi.

Mchezo huu una historia ndefu. Mashindano ya siku sita ya Scotland yalianza kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na ubingwa wa dunia umekuwepo tangu 1975. Toni Bou wa Uhispania alianza kuushika mwaka wa 2007, na kwa zaidi ya miaka 15 hakuna aliyempokonya. Uingereza, vilabu vingi vya mchezo huu hufanya kazi hasa majira ya baridi, kwa sababu tope na mawe yenye maji ndiyo mtihani wanaoutaka. Shida yao kubwa ni mchana mfupi: Desemba jua hutua kabla ya saa kumi na moja jioni, na lazima watu wawe wamemaliza.

Eldoret haina shida ya mchana mfupi. Shida yake ni saa nane. Kila mtu anayeishi hapa anaujua mpango wa siku ya Julai: asubuhi baridi lakini kavu, mawingu yanakusanyika adhuhuri, kisha mvua, mara nyingine mvua ya mawe, na radi. Basi shindano lolote la msimu huu lianze saa mbili asubuhi na limalizike kabla ya saa saba. Ngurumo ikisikika, utepe ukunjwe hata kama mshindi hajapatikana. Watazamaji wasikimbilie chini ya mti. Waingie ndani ya magari au nyumba. Hili halina majadiliano.

Kenya si ngeni kwa mashindano ya tope. Safari Rally, iliyoanza mwaka wa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, kwa miaka mingi ilipangwa wakati wa Pasaka, mvua ndefu zikianza. Mwaka wa 1963 yaliondoka magari zaidi ya 80 yakamaliza 7. Mwaka wa 1968 yaliondoka zaidi ya 90, na tena yakamaliza 7. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff, wakiendesha Peugeot 404, gari ambalo wazee wa Eldoret wanalikumbuka zaidi kama teksi. Halikuwa gari lenye kasi kuliko yote.

Sasa yale ambayo mwendeshaji hujifunza. Kwanza, kusimama kwenye vikanyagio, magoti yakiwa yamelegea, ili pikipiki iyumbe chini yake bila kumwangusha. Pili, klachi. Kwenye tope, anayefungua petroli kwa pupa huzungusha gurudumu la nyuma mahali pamoja na kuchimba shimo lake mwenyewe. Anayecheza na klachi taratibu huipa taya muda wa kushika. Tatu, breki ya mbele. Wengi huiogopa kabisa, au huifinya ghafla. Zote mbili ni makosa. Hufinywa kidogo kidogo, usukani ukiwa umenyooka, na kamwe si ndani ya kona yenye utelezi. Nne, macho. Anayetazama shimo huingia shimoni. Haya hayafundishiki ukutani kwa mchoro. Hufundishwa na mteremko wa mita kumi wenye maji, ukirudiwa mara ishirini.

Kuna moja la kutoiga. Pikipiki halisi za ustadi zina uzito wa kilo 70 hivi, hazina kiti cha kukalia, na upepo wa taya zake huwa mdogo sana ili zikumbatie mawe. Pikipiki ya bodaboda ina zaidi ya kilo 110, bila abiria. Anayepunguza upepo namna hiyo kisha akarudi kwenye lami na mzigo anatafuta ajali. Kwa bodaboda, vipande vya mashindano viwe vyepesi zaidi: mteremko mfupi, kona za tope, ubao mwembamba ardhini, kijito cha kutengenezwa. Na mlima nao una kodi yake: hewa ya mita 2,100 ni nyembamba, na injini yenye kabureta hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake ikilinganishwa na Mombasa. Inayokohoa asubuhi ya baridi ipashwe moto kwanza.

Mahali ni swali gumu kuliko yote, na hapa wenye mashamba wana haki ya kusikilizwa. Julai shamba lina mahindi au ngano. Hata lisilolimwa, udongo uliolowa ukikanyagwa na magurudumu hushikana, na msimu unaofuata maji hayaingii. Anayefungua lango na kuliacha wazi ametoa ng'ombe wa mtu barabarani. Kwa hiyo vijana wasitazame mashamba. Watazame machimbo ya mawe yaliyoachwa, ambayo kaunti hii inayo si haba, mradi shimo lenye maji limezungushiwa ua na mwenye ardhi ametia sahihi. Ukubwa wa nusu uwanja wa kandanda unatosha vipande vitano. Kingo za mto Sosiani na chepechepe zote zisiguswe. Maji yale yanapita katikati ya mji na watu wanayatumia.

Barabara ya umma nayo si uwanja. Baipasi kutoka Cheplaskei hadi Maili Tisa ilijengwa kupunguza msongamano wa malori mjini, haikujengwa kupimana kasi jioni. Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na hairuhusu zaidi ya abiria mmoja. Kikundi kinachotaka kuandaa mashindano rasmi kijue kwamba chini ya Sheria ya Michezo ya 2013 mashirika ya michezo husajiliwa na Msajili wa Michezo, na kwamba michezo ya magari na pikipiki nchini iko chini ya shirikisho lake la kitaifa. Kuanza nao mapema ni rahisi kuliko kueleza baada ya ajali. Chifu na kituo cha polisi cha karibu wajulishwe pia.

Kisha bima, ambayo ndiyo huumiza watu kimyakimya. Bima nyingi za pikipiki haziilipii inapotumika kwenye mashindano. Pikipiki nyingi za steji ziko kwenye mkopo. Kijana akivunja fremu kwenye mawe siku ya Jumamosi, Jumatatu mkopo bado unadaiwa na riziki imelala gereji. Waandaaji wanaojali wachange pesa wanunue pikipiki moja kuukuu ya kila mtu kufanyia mazoezi, na wakubaliane mapema nani atalipia kioo na klachi. Pikipiki ya mkopo ibaki steji.

Kuhusu afya, mambo machache yafuatwe bila kubishana. Pasipo ambulensi au angalau mtu mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, hakuna kuanza. Aliyeanguka vibaya asivuliwe helmeti kwa nguvu, na asipakiwe katikati ya watu wawili kwenye pikipiki nyingine kukimbizwa Hospitali ya Rufaa ya Moi. Huo ndio mtindo uliozoeleka, na mwenye jeraha la uti wa mgongo anaweza kupooza njiani. Alazwe palepale, afunikwe blanketi, na simu ipigwe: 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199. Helmeti iliyopigwa chini kwa nguvu haifai tena, hata kama ufa hauonekani.

Baridi hudharauliwa kuliko kuanguka. Mwendeshaji aliyelowa akisubiri zamu yake kwa saa nzima, vidole hufa ganzi, na vidole ndivyo vinavyoshika klachi na breki. Glavu za bei nafuu, gambuti zenye soksi nzito, nguo kavu ya kubadilisha na chai ya moto chini ya turubai si anasa. Akina mama wa vioski wakialikwa kuuza chai na maandazi hapo, nao wamepata siku njema.

Mashindano yakiisha, utepe na chupa zote ziondolewe siku hiyo hiyo. Pikipiki ioshwe kwa maji ya ndoo, mbali na mto, kabla tope halijakauka kwenye cheni, kisha cheni ipakwe mafuta na breki zijaribiwe polepole mara mbili tatu. Breki zilizolowa tope hazishiki kama kawaida, na barabara ya kurudi nyumbani ina watu.