Bomba, Njia na Mgao: Maana za Neno Moja Katika Kambi ya Mtendeli

Neno bomba liliingia katika Kiswahili kutoka Kireno, ambako hutaja chombo cha kusukuma au kuvuta maji. Kiswahili kimelipanua. Leo bomba ni chombo kisukumacho, ni neli ipitishayo, tena ni mahali pa kukinga ndoo. Hata sindano ya mganga ina bomba lake. Mkenya azoeaye maji ya mfereji humshangaa Mtanzania asemaye maji ya bomba, na Mtanzania naye kwake mfereji ni mtaro tu. Bomba la mafuta la kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililoanza kazi mwaka 1968, lina urefu wa zaidi ya kilomita 1,700. Lile la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limepimwa kuwa kilomita 1,443. Katika matumizi yote haya bomba hushikika, na lina pa kuingilia na pa kutokea.

Maana ya kitamathali iliyochipuka ndani ya Kiswahili chenyewe ilielekea kwingine. Vijana wa mijini wakiita nguo au wimbo kuwa ni bomba, wanasifu kitu ambacho tayari kiko mbele ya macho. Sitiari ya Kiingereza inakwenda kinyume: hutaja kilichomo ndani ya neli, kisichoonekana bado, lakini kinachodaiwa kuwa kitafika. Kwa maana hiyo Waswahili husema jambo liko njiani, liko mbioni, au linapikwa jikoni. Kusema liko ndani ya bomba ni kumfanya msikilizaji atafute fundi.

Tofauti hii ingebaki suala la watunga kamusi tu, lau isingekuwapo lugha ya misaada. Mtendeli iko katika nyanda za juu za Kigoma, wilayani Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Kambi ilifunguliwa upya Januari 2016 ili kuipunguzia mzigo Nyarugusu ya Kasulu, iliyokuwa imefurika Warundi. Ikafungwa Desemba 2021, na waliosalia wakahamishiwa Nduta. Katika miaka hiyo uhaba wa maji uliiandama Mtendeli. Kwa mama mwenye dumu, bomba lilikuwa foleni.

Ofisini, neno lilelile la Kiingereza lilikuwa na kazi nyingine. Kwa mashirika ya chakula, pipeline ni safari nzima ya mahindi, kunde na mafuta ya kula: kutoka ahadi ya mfadhili, kupitia bandari, maghala na malori, hadi siku ya kugawa. Safari hiyo ikipungukiwa fedha, husemwa kwamba neli imekatika. Mwaka 2017 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kwamba mgao wa wakimbizi wapatao 320,000 wa Nyarugusu, Nduta na Mtendeli umeshuka hadi asilimia 62 ya mahitaji.

Mfasiri afanyeje? Akisema "bomba limekatika", wasikilizaji wataelewa habari ya maji, tena mahali ambapo habari hiyo inasadikika upesi mno. Ikumbukwe kwamba Kiswahili kambini mara nyingi si lugha ya nyumbani ya msemaji wala ya msikilizaji: Mrundi na Muha huelewana kwa Kirundi na Kiha kuliko kwa Kiswahili cha tangazo. Afadhali aseme "chakula hakijafika", au "fedha za kununulia chakula hazikutosha". Sentensi hizi mbili hazina sitiari, na kila moja inaeleza jambo tofauti ambalo sitiari ya neli huyachanganya.

Lililo zito zaidi liko katika kitenzi. Kukatika kuna kiambishi -ik-, nacho hueleza hali bila kumtaja mtenda: kamba imekatika, maji yamekatika. Kukatwa huacha nafasi ya kuuliza: imekatwa na nani? Tangazo lisemalo "mgao umepungua" na lile lisemalo "mgao umepunguzwa" hutofautiana kwa silabi chache, lakini la pili tu ndilo humruhusu aliyeketi chini ya turubai kuinua mkono. Mgao wenyewe ni neno lenye sura mbili. Dar es Salaam, tangu miaka ya upungufu wa umeme, ukitajwa mgao watu hutafuta mishumaa. Mtendeli, siku ya mgao, watu walitafuta magunia.