Kahawa ya Barazani na Afya ya Mnywaji

Mwaka 1991 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiorodhesha kahawa miongoni mwa vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani ya kibofu cha mkojo. Mwaka 2016 wanasayansi 23 walipitia tafiti zaidi ya 1,000, wakaitoa kwenye orodha hiyo. Wapenzi wa kahawa walishangilia. Wachache walisoma sehemu ya pili ya uamuzi: kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na joto linalozidi nyuzi 65 kina uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani ya umio, njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayoihusu zaidi Afrika Mashariki. Saratani ya umio imeshamiri katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukipita Kenya na Tanzania, hadi Malawi na Afrika Kusini. Pombe na tumbaku zina mkono wake, lakini joto nalo halikwepeki: watafiti waliopima chai ya wakazi wa Kilimanjaro waliwakuta wakianza kuinywa ikiwa na wastani wa nyuzi zaidi ya 70. Kahawa chungu ya Mombasa, Unguja au Kariakoo inatoka kwenye dele linalokaa juu ya makaa jioni nzima. Bahati nzuri kikombe chake ni kidogo na hupoa upesi. Mnywaji akianza na kashata, akapiga gumzo kidogo ndipo akanywa, amejikinga bila gharama yoyote.

Joto likishapungua, linabaki suala la upishi. Mwaka 1983 watafiti wa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, waliripoti kwamba kadiri watu walivyozidisha vikombe vya kahawa ndivyo lehemu ilivyopanda katika damu yao. Wengi wao walikuwa wakichemsha kahawa na unga wake, kisha wakiuacha utuame. Buni ina mafuta yaitwayo kafestoli, ambayo maji yanayochemka huyatoa na chujio la karatasi huyanasa. Utafiti mwingine wa Norwei, uliochapishwa mwaka 2020, uliwafuatilia watu zaidi ya 500,000 kwa wastani wa miaka 20. Vifo vilikuwa vichache zaidi kwa wanywaji wa kahawa iliyochujwa kuliko kwa wasiokunywa kabisa, na kuliko kwa waliokunywa isiyochujwa.

Hapa ndipo mhadhara huu unapotia mkazo. Sifa za kahawa zinazojaza magazeti, kwamba wanywaji wa vikombe vitatu hadi vinne kwa siku hupatwa mara chache zaidi na maradhi ya ini na kisukari cha aina ya pili, zimetokana kwa sehemu kubwa na tafiti za Ulaya, Marekani na Japani. Ni sifa za kweli, ingawa tafiti hizo huonyesha vitu vinavyoandamana na si lazima kimoja kiwe kimezaa kingine. Lakini kahawa ya dele inachemshwa, haipitishwi kwenye karatasi, na aghalabu hunywewa baada ya swala ya isha. Inastahili kupimwa yenyewe, barazani kwake, na vyuo vikuu vyetu.

Saa ya kunywa nayo ina uzito. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua hadi nusu mwilini. Katika jaribio moja la Marekani la mwaka 2013, miligramu 400 zilizonywewa saa sita kabla ya kulala ziliwapunguzia watu usingizi kwa zaidi ya saa nzima. Aina ya buni nayo huongeza au kupunguza athari hiyo: robusta ya Kagera ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro.

Mjamzito ana hesabu yake. Wataalamu wa Ulaya wanamshauri asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, na mwili wake huiondoa kafeini polepole sana. Kuna pia suala la madini ya chuma, na upungufu wa damu umeenea mno kwa wajawazito wa eneo hili: kahawa ikinywewa pamoja na mlo, au saa moja baadaye, hupunguza sana chuma kinachofyonzwa. Ikinywewa saa moja kabla ya mlo haina athari hiyo. Kliniki zinazogawa vidonge vya chuma zinaweza kumweleza mama jambo hilo hapohapo anapokabidhiwa vidonge vyake.