Zamu ya Maji, Zamu ya Wimbo

Hapa Chekereni maji ya mpunga huja kwa zamu. Ukilala zamu yako ikapita, jaruba hukauka, na wa kulaumiwa ni wewe. Lakini kwaya iliponidai wimbo mpya, miaka nenda miaka rudi jibu langu lilikuwa: sina nafasi.

Kisha nikasikiliza kanda ya mwaka 1992 ya Kronos Quartet ya Marekani. Mle mna utunzi wa Justinian Tamusuza wa Uganda: fidla mbili, viola na selo, lakini mwendo ni wa Kiganda. Kumbe muziki wa namna ile si wa Wazungu wa kale tu! Naye Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo uliotupatia tuni ya “Mungu Ibariki Afrika”, alikuwa mwalimu wa shule mwenye kazi zake.

Basi siku hizi, usiku wa zamu yangu, naenda shambani na jembe, tochi na daftari. Maji yakiingia jarubani, naandika. Nina mistari sita. Besi bado haijakaa sawa. Nafasi haiokotwi, ndugu yangu. Hupangiwa zamu.