Mkaguzi Amefika Shuleni: Mzazi Aulize Nini?

(Maneno ya Kamati ya Elimu ya Chama, yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi)



Mmetupa heshima ya kusema mbele yenu siku hii ambayo Chama chetu chatimiza miaka kumi, nasi twashukuru. Wenzetu wamekwisha kueleza habari za kahawa, bei na maghala. Sisi tumepewa habari nyingine, lakini si ya mbali: watoto wetu walio katika shule za msingi, ukaguzi wa shule hizo, na matokeo ya mitihani ambayo wazazi wengi huyapokea kama barua iliyoandikwa kwa lugha ya wageni. Akiwapo atakayeuliza mkulima wa ushirika ana kazi gani na mambo hayo, tutamkumbusha wale wafumaji wa Rochdale kule Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844. Watu wale hawakuwa matajiri. Hata hivyo walikuja kutenga mbili na nusu katika kila mia ya faida yao kwa ajili ya elimu.

Kila mwanachama aliye hapa amjua mkaguzi wa hesabu. Huja, akafungua vitabu, akahesabu magunia ghalani, akalinganisha stakabadhi na fedha iliyomo, kisha akaandika taarifa. Na taarifa hiyo husomwa mbele yenu wenye mali. Ikikosekana, mkutano haukaliki. Lakini mkaguzi wa shule afikapo kijijini, mzazi huliona gari likiingia na kutoka, naye akaendelea na palizi yake. Hapo ndipo tunapostaajabu. Gunia la kahawa tunalilinda kwa macho yote, na mtoto twamwachia mwalimu peke yake.

Basi mkaguzi wa shule ni nani? Kazi yake imo katika Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Siku hizi haitwi tena mkaguzi, bali mthibiti ubora wa shule, naye hufuata kiunzi kilichotolewa mwaka 2017. Wazee wetu wangali wakisema mkaguzi, nasi hatuoni ubaya. Yatupasa kufahamu kwamba yeye ni mtu wa Wizara ya Elimu, hali shule yenyewe huendeshwa na Halmashauri ya Wilaya. Kwa hiyo hana mamlaka ya kumhamisha mwalimu mlevi, wala hana fedha ya kuezeka darasa lililoezuliwa na upepo. Yeye hutazama, hupima, hushauri, na huandika. Mzazi anayemngoja mthibiti aje aondoe kila kero atangoja sana. Na mzazi asiyejua yaliyoandikwa hana la kumdai yule mwenye uwezo wa kutenda.

Hutazama nini? Huingia darasani akakaa nyuma, akasikiliza somo linavyofundishwa. Hufungua azimio la kazi na andalio la somo la mwalimu. Huchukua madaftari ya watoto akaona kama kazi imetolewa, na kama imesahihishwa au imepigwa alama ya vema bila kusomwa. Hutazama uongozi wa mwalimu mkuu, mazingira ya shule, na jinsi wazazi wanavyoshirikishwa. Huhesabu vyoo pia, maana kipimo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Jambo hili la vyoo wengine hulicheka. Binti aliyekwisha kuvunja ungo halicheki. Yeye hubaki nyumbani.

Tena hufungua daftari la mahudhurio, na hapo, ndugu zetu, si mwalimu anayekaguliwa, ni sisi. Msimu wetu wa kahawa hufunguliwa mwezi wa Mei, na mtihani wa darasa la saba hufanywa Septemba. Miezi ile ambayo mtoto angerudia masomo yake ndiyo miezi anayoitwa kuchuma, kuanika na kulinda kahawa ya maganda isiibwe uani. Hatusemi mtoto asishike kikapu. Sisi sote tulishika. Twasema Jumamosi ipo, na jioni ipo. Kwa mtoto aliyekua akisema Kihangaza au Kishubi nyumbani, naye husoma masomo yote kwa Kiswahili, siku tano alizokosa shuleni zaweza kumgharimu zaidi ya siku tano.

Mthibiti akimaliza, hukaa na walimu akawaeleza aliyoyaona, na taarifa yake hutumwa kwa wanaohusika. Kamati ya Shule, ambayo ndani yake wamo wazazi mliowachagua ninyi wenyewe, yapaswa kuijua. Swali la kuuliza katika mkutano wa wazazi ni hili: taarifa ya mwisho ilisema nini, na katika mambo iliyoshauri ni lipi limefanyika? Liulizwe kwa adabu, wala lisiwe la kumvizia mwalimu, kwa maana mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kutamani lijibiwe. Mwalimu mmoja aliyepewa watoto 100, mahali ambapo kipimo ni 45, ahitaji wazazi wa kusema pamoja naye mbele ya diwani.

Liulizwe pia la ruzuku. Katika elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016 ilipangwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 ziende shuleni, na 4,000 zinunue vitabu. Mwanachama anayejua kudai stakabadhi ya mizani hashindwi kusoma hesabu hiyo ikibandikwa ubaoni.

Sasa tuje kwenye matokeo. Mtihani wa kumaliza darasa la saba hutungwa na kusahihishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Tangu mwaka 2021 masomo yamekuwa sita, kila moja alama 50, jumla 300. Katika somo moja, A ni kuanzia 41, B kuanzia 31, C kuanzia 21, D kuanzia 11, na E ni 10 kushuka. Kwa jumla ya masomo yote, A huanzia 241, B 181, C 121 na D 61. Mwenye A, B au C amehesabiwa kuwa amefaulu.

Tuseme mtoto amepata Kiswahili 42, Sayansi 33, Uraia na Maadili 28, Maarifa ya Jamii 25, Kiingereza 12, na Hisabati 8. Jumla ni 148, daraja C. Amefaulu, nyumbani kuku amechinjwa. Lakini tazameni tena: Kiingereza D, Hisabati E, naye anakwenda kidato cha kwanza ambako atafundishwa kwa Kiingereza! Ni kama gunia lililotimiza uzito mizanini, na likimwagwa likakutwa limechanganywa na mawe. Mzazi asiulize herufi moja ile ya mwisho tu. Adai alama za kila somo, na adai mapema, tangu upimaji wa darasa la nne, maana darasa la saba muda wa kutibu umekwisha.

Ya shule nzima nayo yana mtego wake. Shule ikisema imefaulisha mia kwa mia, ulizeni waliofanya mtihani walikuwa wangapi, na walioandikwa darasa la kwanza miaka saba nyuma walikuwa wangapi. Kama waliingia 60 na wakatoka 22, wale 38 wako wapi? Wengine wamehama na wazazi wao, ni kweli. Wengine wako machungani, au wameolewa. Hao hawamo katika ile mia kwa mia. Baraza lenyewe, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha desturi ya kutangaza shule kumi bora, nasi twaona lilifanya vema.

Wala kufaulu peke yake hakutoshi. Mwaka 2012 nchi ilifadhaika kusikia kwamba watoto zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Walikuwa wamefaulu! Penye maswali ya kuchagua jibu, mkono hubahatisha. Kipimo cha nyumbani hakina gharama: mpe mtoto wa darasa la tatu taarifa ya Chama hiki, mwambie akusomee nusu ukurasa, kisha akueleze kwa maneno yake. Hata mzazi asiyejua herufi atatambua kama mtoto anasoma au anakariri.

Liko jambo moja la kuliangalia mbele. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, elimu ya msingi yapunguzwa kutoka miaka saba kuwa sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza katika mpango huo, na imepangwa kwamba mwaka 2027 wamalize pamoja na darasa la saba. Maana yake ni kwamba makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa mara moja, Januari 2028, katika sekondari zetu za kata zilizo na vyumba vile vile.

Kwa sababu hiyo Kamati yaomba Mkutano Mkuu huu ukubali mambo mawili. Kila Chama cha Msingi kiteue mwanachama mmoja, mume au mke, wa kuhudhuria mikutano ya wazazi katika shule zilizo karibu na ghala lake, na kuleta habari ya taarifa za ukaguzi katika mkutano wa wanachama. Na matokeo yatokapo, makarani wetu wa mizani wapewe nafasi siku moja katika juma ya kumsomea mzazi yeyote alama za mtoto wake somo kwa somo, pasipo malipo. Karatasi za kuandikia majina ya wateule ziko mezani kwa Katibu.