UA LA USAMBARA: JINSI YA KULITUNZA NDANI YA NYUMBA

(Maneno ya hotuba kwa wapenda maua)



Lipo ua dogo ambalo watu wengi wa Ulaya na Marekani huliweka dirishani, na wengi wao hawajui kwamba asili yake ni Afrika ya Mashariki. Majani yake ni manene, yenye vinyweleo laini kama mahameli, na maua yake ni ya rangi ya urujuani.

Wenyeji wa milima waliishi nalo tangu zamani. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliliona huko Usambara, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliliandika katika elimu ya mimea na kulipa jina la Saintpaulia. Wajerumani hadi leo hulitaja kwa jina la Usambara.

Mwenye kutaka kulitunza na afikiri kwanza jinsi liishivyo kwao. Huota juu ya miamba, chini ya kivuli cha miti mikubwa, penye hewa ya unyevu. Mizizi yake hushika udongo kidogo tu, na maji ya mvua hupita upesi. Utunzaji wote watoka katika habari hiyo.

Kwanza, mwanga. Chungu kiwekwe karibu na dirisha lenye nuru nyingi, lakini jua kali la mchana lisiyapige majani, maana litayaunguza. Dirisha la upande wa mashariki lafaa sana. Penye mwanga hafifu mmea huishi, ila hautoi maua.

Pili, maji. Walioliua ua hili kwa maji mengi ni wengi kuliko waliolinyima maji. Ngoja udongo wa juu ukauke, kisha mimina maji katika kisahani chini ya chungu. Baada ya nusu saa, yaliyobaki yamwagwe. Maji yasiwe ya baridi sana, kwa kuwa yakiangukia majani huacha madoa.

Tatu, udongo na chungu. Udongo uwe mwepesi, wenye mboji na mchanga, na chungu kiwe kidogo, chenye tundu chini. Chungu kikubwa hukaa na maji mengi, na mizizi huoza.

Nne, kuzidisha. Chagua jani lenye afya, ulikate pamoja na kikonyo chake, kiasi cha sentimita 3 au 4, ukichomeke katika mchanga wenye unyevu. Baada ya miezi miwili hivi utaona miche midogo ikichipuka penye kikonyo.

Hapa pana jambo kubwa la kuangaliwa. Ikiwa jani moja kutoka chungu cha jirani latosha kuanzisha mmea, hakuna sababu ya mtu kwenda msituni kung'oa. Katika milima ya Taita iko aina moja iotayo msitu wa Mbololo, wala haijulikani kuota penginepo duniani. Aina nyingine huota katika miamba ya chokaa ya Kilifi. Miti ikikatwa, jua hufika mwambani, unyevu hutoweka, na mmea hufa kama ule uliosahauliwa dirishani penye jua la adhuhuri.

Wala mtu asidhani kwamba vyungu vingi vya ng'ambo vitaliponya. Maua yale yamebadilishwa sana na wakulima, na mengi yametoka katika aina chache tu. Aina ikipotea mlimani, imepotea.

Basi ua hili lisiwe kama mtu anayeheshimiwa ugenini na kudharauliwa kwao. Alipendaye na alitunze chunguni, na mti ulifunikao mlimani auache umesimama.