Imani Wakati wa Mashaka



Nimeombwa niseme juu ya faraja. Hapa Tunduma tunajua kungoja: malori hungoja kuvuka kwenda Nakonde, na nyumbani watu huwangoja walio safarini. Mwanangu aliondoka na lori miaka miwili iliyopita. Hajarudi wala hajaleta habari. Wako walioniambia kuwa nikiomba kwa imani ya kutosha atarudi. Maneno hayo yaliniumiza kuliko ukimya wake.

Kilichonisaidia ni habari za wazee wetu wa Mbozi. Wamoraviani walifungua misheni huko mwaka 1899. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa. Wakristo wale, wengi wao wachanga katika imani, wakabaki bila kujua kama wachungaji wao watarudi. Kanisa halikufa. Sidhani kwamba hawakuwa na mashaka. Tomaso naye aliyakataa maneno ya wenzake, lakini Yohana anasimulia kwamba siku nane baadaye alikuwa nao chumbani. Alikwenda na mashaka yake vile vile.

Vijana, mkiwa na maswali, msijifungie nayo bwenini. Mimi huenda kanisani kila Jumapili. Zipo siku sifungui kinywa. Wenzangu huimba, nami husikiliza. Baada ya ibada mzee mmoja hunishika mkono, haniulizi lolote, tukatembea pamoja hadi barabara kuu.