Mashine Inapokuwa Haimsaidii Tena Mtoto



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya kuwauguza watoto mahututi. Hospitali ya KCMC ilipofunguliwa hapa Moshi mwaka 1971, mzazi wa Rombo, Machame au Upare alipata mahali pa kumpeleka mtoto aliyeshindikana kwingine. Tangu hapo utaalamu umeongezeka, na mashine za kupumulia zimeokoa watoto wengi duniani ambao zamani wangekufa. Lakini mashine haitibu ugonjwa. Kazi yake ni kumpa mtoto muda, ili dawa na mwili wake vifanye kazi. Ugonjwa usipotibika, muda huo hugeuka kuwa wa mateso tu: mpira kooni, sindano kila siku, na mama kusubiri nje ya mlango.

Je, tutajuaje kwamba tumefika hapo? Kwanza, tusiwe na haraka. Mtoto aliyepoa sana mwili, aliyeshuka sukari, au aliyepewa dawa za usingizi aweza kuonekana kama ubongo wake umekufa, kumbe haujafa. Hayo yarekebishwe, kisha apimwe tena, na daktari zaidi ya mmoja.

Pili, tusichanganye mambo. Kitanda kikihitajiwa na mtoto mwingine, au fedha za familia zikiisha, hiyo ni shida ya kweli, na isemwe wazi. Ni udanganyifu kumwambia baba kuwa tiba haifai, kumbe kilichopungua ni kitanda.

Tatu, wazazi. Mwaka 2017 huko London, kesi ya mtoto Charlie Gard ilifika mahakamani. Madaktari waliona mashine haimfai tena. Wazazi walitaka kumpeleka Marekani. Mahakama zilikubaliana na madaktari, na mtoto alifariki Julai mwaka huo. Kwetu huku mlimani, mara nyingi jambo zito huzungumzwa na ukoo: babu, shangazi, baba mkubwa, pengine na mchungaji au padre. Hilo ni jema, ila wote waelezwe maneno yale yale. Tena mama asiulizwe, "Tuizime?" Swali hilo atalibeba maisha yake yote. Daktari aseme, "Sisi tunaona hivi, kwa sababu hizi," kisha anyamaze na kusikiliza.

Mwisho, mashine ikiondolewa, uuguzi unaendelea. Huko Uganda, shirika la Hospice Africa, lililoanza mwaka 1993, limeonyesha kuwa mofini ya maji huweza kutuliza maumivu makali hata nyumbani. Basi mtoto apewe dawa, asafishwe, apakatwe na mama yake. Na ikiwezekana, arudishwe kihambani kwao.

Vijana, baadhi yenu mtakuwa madaktari na wauguzi. Vyuoni mtafundishwa kuwasha mashine. Jifunzeni pia kuvuta kiti, kuketi na mzazi, na kumwambia kweli.